Mwache Anyeshewe

Mvua iliwakuta wameshaiacha Mpwapwa, wanaitafuta Gulwe, siku ya pili ya safari yao. Haikuanza na manyunyu ya kubisha hodi. Ilikaa kwanza juu ya milima, nyeusi, imenyamaza, kama mtu anayewatazama wapita njia bila kuwasalimu, kisha ikashuka yote kwa mara moja. Barabara ya vumbi ikageuka uji. Matairi yakabeba udongo mpaka madigadi yakaziba, na kila baada ya hatua mia mtu alilazimika kushuka kwenye baiskeli, atafute kijiti, akwangue.

Hilda hakuwahi kuona mvua ya namna ile, naye ni mzaliwa wa huko huko. Ugogoni watu huisubiri mvua miezi mingi wakiangalia juu, na ikija hakuna anayeilalamikia. Hata ikibomoa ukuta wa nyumba, husema tu kwamba imekuja. Lakini hii ya leo ilimfanya ainamishe kichwa kama yuko kanisani. Ilikuwa kubwa kuliko maneno.

Walikuwa wanne, wote wafanyakazi wa chuoni Chimwaga, na kila mwaka mitihani ikiisha walichukua baiskeli zao wakaenda mbali. Alikuwepo Obadia, kijana wa Mbeya mwenye mdomo usiochoka, aliyetangulia kila palipoteremka na kubaki nyuma kila palipopanda. Alikuwepo Shamimu wa Kondoa mjini, shoga yake Hilda, kofia ya baiskeli kaivaa juu ya hijabu. Na alikuwepo Batholomeo, fundi wa pampu za maji, Msandawe wa Farkwa, ambaye kwa siku nzima angeweza kusema maneno kumi, na manane kati ya hayo yakawa ya kuuliza kama tairi la Hilda lina upepo.

Huyo Batholomeo ndiye aliyekuwa ugonjwa wa Hilda kwa miaka mitatu.

Hakuna kitu alichowahi kumwambia. Alikuwa akimsubiri tu juu ya kila kilima, mguu mmoja chini, mpaka afike. Alikuwa akibeba mpira wa akiba wa saizi ya tairi lake Hilda, wakati yeye mwenyewe tairi lake ni la saizi nyingine. Na alipopigiwa simu na mama yake kutoka Farkwa, akaanza kusema kile Kisandawe chao chenye milio ya ulimi, kama matone yanayodondoka ndani ya mtungi, Hilda alikuwa anaacha alichokuwa anafanya, anasikiliza. Hakuelewa hata neno. Alijua tu kwamba mtu anayesema na mama yake kwa sauti ile hawezi kuwa mtu mbaya.

Sasa asubuhi ile pale Kibaigwa, walipokuwa wanakunywa chai na chapati kando ya malori ya mahindi, Shamimu aliropoka. Hakuwa na nia mbaya. Alisema wamalize kula haraka ili Hilda awahi kwa mama yake, maana leo ndiyo siku ya kumjibu Alfonce. Obadia akauliza Alfonce ndiye nani, na ikabidi yote yasemwe. Kwamba Alfonce ni bwana mifugo, kwao Kongwa, ukoo unaojulikana, ng'ombe zizini hawana idadi. Kwamba mjomba wa Hilda ndiye aliyeileta posa yake. Kwamba mama yake, ambaye ni mjane, alimwambia aje mwenyewe aseme ndiyo au hapana, uso kwa uso, si kwa simu. Kwa hiyo wenzake wangetangulia stesheni ya Gulwe, yeye angekata njia peke yake kwenda nyumbani, kisha awafuate kesho yake.

Batholomeo aliyasikia yote. Aliweka kikombe chini. Akaenda akaiinamia baiskeli ya Hilda, akaanza kuipaka mafuta cheni ambayo wala haikuwa imekauka.

Hilda alimtazama mgongo, akajiwekea nadhiri ndani kwa ndani. Akisema neno moja kabla hatujafika, Alfonce namkataa. Asiposema, namkubali, nizae watoto, nisahau.

Basi wakaondoka. Wakapita Kongwa, neno hakuna. Wakapita Mpwapwa, neno hakuna. Mvua ikawashukia, wakawa wanasukuma baiskeli badala ya kupanda, na hapo ndipo Hilda aliposhindwa. Aliwaacha Obadia na Shamimu watangulie, akasimama katikati ya tope, maji yanamtiririka puani.

"Batho, huna neno la kuniambia?"

Batholomeo alisimama pia. Alifuta macho kwa kiganja. "Lipo."

"Basi liseme."

"Si la barabarani, Hilda."

"La wapi, sasa? Maana barabara yenyewe ndiyo inaisha."

Akafungua mdomo, akaufunga. Hilda alisubiri mpaka akaona aibu ya kusubiri. Akashika usukani akaendelea kusukuma, na machozi yake hakuna aliyeyaona, maana siku ile kila mtu uso ulikuwa umelowa.

Hasira zikampa nguvu. Akawapita wenzake, akaipita hata njia ya kwao bila kukata, akafika peke yake kwenye korongo. Ni korongo kubwa, upana wake ni kama uwanja wa mpira, na lilikuwa mchanga mtupu, mweupe, licha ya mvua yote ile. Ng'ambo yake njia inaendelea mpaka Gulwe. Hilda alishaliingiza gurudumu la mbele kwenye mchanga baiskeli ilipogoma. Akageuka. Batholomeo alikuwa ameishika keria kwa nyuma, anahema.

"Niache," Hilda alisema.

"Sikiliza kwanza."

"Sitaki kusikiliza kitu. Ulikuwa na muda wako."

"Sikiliza chini. Chini ya mvua."

Akasikiliza. Mwanzo alisikia mvua tu. Halafu, chini yake, akasikia mlio mwingine, mzito, kama treni ya mizigo inayopanda kutoka Gulwe. Alijua treni haipiti pale. Batholomeo akaivuta baiskeli na mwenye baiskeli, mpaka juu ya ukingo.

Kisha likaja furiko. Halikuja kama maji. Lilikuja kama ukuta wa udongo unaotembea, rangi ya chai ya maziwa, na mbele yake kulikuwa na povu na majani na magogo mazima yenye mizizi, yanasimama wima, yanalala, yanasimama tena. Mchanga ule mweupe ulimezwa mara moja, ukingo kwa ukingo. Ardhi ilitetemeka mpaka kwenye nyayo. Mti mkubwa uliokuwa umesimama katikati ya korongo tangu Hilda ana akili zake uliinama polepole, kama mzee anayepiga magoti, ukaenda.

Obadia na Shamimu wakafika, wakasimama nao. Hata Obadia alinyamaza. Walikaa vile muda mrefu, wanne kwenye mstari, hakuna anayemwangalia mwenzake. Hilda alihisi mwili wake mdogo, mdogo kabisa, kama punje. Mkono wa Batholomeo ulikuwa bado umeishika keria ya baiskeli yake.

"Leo hatuvuki," Shamimu alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

Wote walijua hivyo. Kurudi Mpwapwa kwenye tope lile hakukuwezekana, na mvua ndiyo kwanza ilikuwa inazidi. Ikabidi Hilda aseme, kama mtu anayekiri kosa, kwamba kwao ni pale nyuma tu, juu ya kile kiinuko chenye tembe mbili za udongo na zizi, na kwamba waende wote.

Batholomeo akauliza kama mama yupo nyumbani.

"Yupo."

"Mwenyewe?"

"Sasa ulitaka awepo nani?" Hilda alimjibu vibaya.

Batholomeo akajipangusa uso, akafunga vifungo vya shati mpaka juu shingoni, shati lenyewe limelowa chapachapa, kisha akarudi nyuma, akawa wa mwisho kwenye mstari.

Mama yake Hilda, watu humwita Mama Hilda japo jina lake ni Lea, alikuwa amesimama mlangoni pa tembe anaitazama mvua. Alipowaona alishusha pumzi. Aliwaita kwa mkono waingie haraka, baiskeli waziegemeze popote. Obadia aliamkia shikamoo huku anainama kupita kwenye mlango mfupi, na bado akagonga kichwa. Shamimu alikuwa amejifunza Kigogo cha kutosha kusalimia mbukwenyi, na mama akafurahi, akamjibu, akamuuliza habari za kwao kama mtoto wake.

"Na mwenzetu mwingine ni..." Hilda alianza, akageuka kumwonyesha.

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Batholomeo alikuwa ameiacha njia. Aliposogea karibu akamwona mama amesimama mlangoni, alishusha macho, akageuza uso pembeni, akaisukuma baiskeli kuzunguka kule nyuma ya zizi, mbali. Huko akaiegemeza kwenye ua wa miiba ambao usingemkinga hata kuku, akachuchumaa. Akaipa nyumba mgongo. Mvua yote ikawa inampiga yeye.

Hilda alitamani ardhi ipasuke. Aliona ni hasira za ugomvi wa barabarani. Yaani kweli mtu afike kwa mama yake, asitoe hata salamu, amgeuzie mgongo mwanamke aliyemzaa yeye Hilda? Alimwomba mama samahani, akasema yule ana tabu zake, amechoka. Mama alikuwa anatazama kule zizini. Alitazama kidogo, kisha akaondoka mlangoni, akaingia ndani zaidi, akaketi karibu na moto.

Ndani kulikuwa na moshi na joto. Dari la udongo la tembe lilikuwa linavuja sehemu tatu, na mama alishatega beseni na sufuria mbili. Akawapa karanga za kukaanga na chai, akaanza kusonga ugali wa uwele. Obadia, mdomo wake umemrudia, alikwenda mlangoni akamwita Batholomeo kwa kelele, akamwambia aache kununa kama bwana harusi aliyekimbiwa. Batholomeo aliinua mkono mmoja, hakugeuka. Obadia akarudi akisema Wasandawe ni wawindaji, labda huyu ameona swala. Shamimu akamkemea. Alisema mtu atapata homa ya mapafu pale, na safari hii ataibeba maiti nani kwenye keria.

Hilda akaweka kikombe chini. "Ngoja nikamlete."

"Kaa," mama yake alisema.

"Mama, ananyeshewa."

"Namwona. Kaa."

Akakaa. Mama aliendelea kusonga, mwiko unagonga sufuria, mgongo wake umeelekea mlango.

"Mtu wa wapi yule?"

"Farkwa, mama. Msandawe."

"Ana akili timamu?"

"Anazo."

"Amewahi kukuambia neno? La yeye na wewe?"

Hilda aliona uso unamchoma, mbele ya wenzake. "Hajawahi. Miaka mitatu, hata neno moja."

Mama akauacha mwiko ndani ya ugali. Akageuka, akamtazama binti yake kwa macho ambayo Hilda hakuyajua.

"Leo amekuambia. Na mimi ameniambia."

Hilda hakuelewa. Mama akaanza kumweleza polepole, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kigogo, kama mtu anayehesabia mtoto vidole. Akamkumbusha baba yake, Mungu ampumzishe. Je, alishawahi kumwona baba yake amepita mbele ya mlango wa bibi? Je, alishawahi kuwaona wanakula pamoja? Na Hilda, akiwa ameshikilia kikombe kilichopoa, akaanza kukumbuka. Alikuwa mdogo, amepanda mabegani kwa baba, wanatoka shambani. Bibi mzaa mama akatokea mbele kwenye njia nyembamba, na baba, mtu mzima mwenye ndevu, akaiacha njia akaingia kwenye miiba na mtoto mabegani, akasimama humo amegeuza uso mpaka bibi alipopita. Bibi naye alipita amejifunika kanga usoni. Alipomuuliza baba kama wamegombana, baba alicheka sana. Alimwambia, yule ndiye mtu ninayemheshimu kuliko wote.

"Mgeni huingia ndani," mama alisema. "Rafiki huingia ndani. Hata adui, mvua ikimkuta, huingia ndani na tunampa moto. Anayekaa nje akanipa mgongo ni mmoja tu."

Shamimu alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Obadia akazirudisha karanga zilizobaki kiganjani kwenye sahani, moja moja, kama amekutwa anaiba.

Hilda aligeuka akatazama nje. Mlango ulikuwa mfupi, na ndani ya mlango ule, kama picha ndani ya fremu, palikuwa na mvua, na zizi, na mgongo wa mwanamume. Shati limegandana na mbavu. Mabega yanatetemeka. Miaka mitatu alikuwa anasubiri maneno, akidhani mapenzi ni maneno. Sasa aliuona mgongo ule. Kilichompata pale kwenye ukingo wa korongo kilimpata tena, ule udogo, ule woga usiokuwa na ubaya ndani yake. Alikuwa anapendwa kiasi kile, na kwa muda wote ule hakujua.

Lakini uso wa mama yake haukuwa na furaha.

"Nani amempa ruhusa?" mama aliuliza. "Mimi nimemwozesha nani mpaka mtu anitumie heshima ya mkwe? Mjomba wako ameshakaa na wazee wa Alfonce, wamezungumza kama watu. Watu wa huyu siwajui. Nikitaka kuuliza habari zao nimuulize nani? Lugha yao yenyewe nikiisikia sitajua kama wananisalimu au wanafukuza kuku."

Obadia karibu acheke. Shamimu alimfinya.

"Na wajukuu zangu wataniita nani?" mama aliendelea, na sauti yake ikapungua. "Watakwenda Farkwa, watarudi wanagonga ulimi, nami nitakuwa mgeni wao. Alfonce ni mtu wa hapa. Nikiumwa atanisikia."

Hilda alijua kwamba yote yalikuwa kweli. Mvua ikaongeza kelele juu ya dari. Sufuria moja ikajaa, Shamimu akainuka kimya akaimwaga nje akaitega tena. Aliporudi alisema kwa kunong'ona kwamba Batholomeo sasa anatetemeka mwili mzima.

Mama akainuka. Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda mpaka karibu na mlango, akasimama pembeni ya mwimo, pale ambapo mtu wa nje asingemwona. Hilda naye akasimama.

"Sikiliza, mwanangu. Nikimwita kwa sauti yangu, ataingia. Hawezi kukataa. Atakaa hapa kwenye moto na hawa wenzako, nitampa chai, nitamwangalia usoni, naye atakuwa mgeni kama wageni wote. Kesho ataondoka. Hakuna atakayekuwa amekosewa, wala yeye. Ni huruma tu, mtu ananyeshewa." Akaelekeza kidevu kule zizini. "Nisipomwita, nimeshapata mkwe. Sitaweza kurudi nyuma. Na sitaki uje kuniambia baadaye kwamba ni mama ndiye aliyechagua. Nimwite?"

Hilda alimtazama yule aliyechuchumaa. Kila kitu katika mwili wake kilitaka kukimbia nje, kumshika mkono, kumleta kwenye moto. Alimwona anajikunyata, anapuliza viganja vyake. Neno moja tu la mama lingempa joto. Neno hilo hilo lingemwondoa.

"Usimwite, mama."

"Anatetemeka huyo."

"Naona."

"Hujanijibu bado habari ya Alfonce."

"Ndiyo jibu langu." Akamgeukia mama yake. "Mwache anyeshewe."

Maji yalidondoka kwenye beseni. Mama alimtazama binti yake, akamtazama tena, kama anatafuta mahali ambapo mtoto wake mdogo amekwenda. Kisha akaivuta kanga kutoka mabegani, akaipandisha kichwani, akaishusha mpaka ikafunika nusu ya uso wake. Akauacha mlango. Akaketi chini, mgongo wake ameupa nje, kama vile yule wa nje alivyompa yeye mgongo. Kati ya migongo ile miwili palikuwa na uwanja mzima wa mvua.

Shamimu alikuwa analia waziwazi. Obadia alikuwa ameivua kofia, hajui aiweke wapi.

"Si jambo la kulilia," mama alisema kutoka ndani ya kanga, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imelowa. "Mjomba wako nitamwambia mimi. Atapiga kelele siku tatu, ya nne ataomba chakula. Hao watu wa Farkwa waje. Waje wazee, si vijana. Na waje na mtu anayejua Kiswahili cha kuelewana."

Akapakua. Ugali wa uwele, na mlenda kwenye bakuli, na maziwa mgando kwenye kikombe kikubwa cha bati. Vyote aliviweka kwenye sinia, akavifunika kwa kawa, akaongeza na blanketi kavu lililokunjwa. Alimwambia Hilda apite nyuma, amwelekeze kwenye ile tembe ndogo ya mbuzi, mna moto wa kumkausha, mlango wake hautazamani na huu. Mkwe ananyeshewa, alisema, lakini hanyeshewi mpaka afe.

Hilda alitoka na sinia kichwani, blanketi kalificha kifuani. Alipofika zizini alichuchumaa mbele yake. Uso wa Batholomeo ulikuwa wa kijivu, kope zinadondosha maji. Aliangalia sinia, hakulipokea.

"Nani alikufundisha?" Hilda alimuuliza.

Meno yalikuwa yanamgongana, ikamchukua muda kusema. Kwenye nyumba ya pampu pale chuoni kuna mlinzi, mzee wa Kigogo. Mwaka jana alimuuliza mzee huyo, mtu akimtaka binti wa kwao aanzie wapi. Yule mzee alimwambia maneno wataongea wazee, yeye kazi yake ni moja, amheshimu mama wa binti kwa kumkwepa, mpaka mama mwenyewe aelewe. Alikuwa anapanga kuleta wazee wake baada ya mavuno. Ndipo asubuhi akasikia habari ya Alfonce.

"Ningekuambia pale njiani," alisema, "ningekuwa nakuomba wewe peke yako, kichakani, kama kitu cha wizi. Sikutaka kukuiba. Nilitaka niombe mahali pa kuombea."

"Na kama angekuita uingie? Ulijua maana yake?"

"Nilijua. Ningeingia. Ningekunywa chai, nikamshukuru." Akajipangusa maji usoni. "Kila nilipomsikia mtu mlangoni nilidhani ndiye yeye, ananiita."

Hilda alitaka kucheka na kulia, akashindwa vyote viwili. Alimtazama tu. Miaka mitatu alimwona kila siku, na leo ilikuwa kama ndiyo kwanza anamwona. Nyuma yao korongo lilikuwa bado linanguruma, na mvua ilikuwa inapiga mgongo wake sasa, wala hakuihisi.

"Hilda. Mama amesemaje?"

Aliweka sinia chini kwenye tope. Akalikunjua blanketi, akamfunika mabegani.

"Amesema hataki kukuona."

Batholomeo aliinamisha kichwa taratibu. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali hukumu, akaweka mkono chini ili ainuke aichukue baiskeli yake. Katikati ya kuinuka akasita. Akamtazama Hilda. Akaligeuza neno lile kichwani, akaligeuza tena.

"Hataki kuniona leo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Leo," Hilda alisema, "na kesho, na kanisani siku yenyewe, na siku zote zitakazofuata."

Batholomeo akaketi chini kwenye tope lile lile. Akajifunika uso kwa ncha ya blanketi, na kutoka humo ndani Hilda akamsikia anasema kitu kirefu kwa lugha ya kwao, kimejaa ile milio ya ulimi, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji mtu wa kumfasiria.